Rangi ya Kucha Kwenye Shafti

Omurushaka, Karagwe
23 Juni 2025

Kaka yangu Rwegoshora,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Bukoba, wewe na wifi na watoto mlio nao hapo nyumbani. Ukitaka kujua hali yangu, mwili ni mzima ila tumbo limekataa chakula. Ndizi naziona tu sahanini. Nikisogeza tonge karibu na mdomo, mkono unarudi wenyewe. Si malaria, nimepima. Ni kinyaa. Kimenijaa mpaka hapa kooni, na nimeona nikuandikie wewe kwanza.

Najua utajiuliza kwa nini barua wakati simu zipo. Kwa simu wewe huniita mdogo wangu, unacheka, unaniuliza kama mvua imenyesha, halafu mtandao unakuwa mbaya ghafla. Karatasi haina mtandao. Unaweza kuichana ukitaka, lakini huwezi kunikata kauli.

Huku mvua zimekatika mapema mwaka huu. Kahawa imeanikwa kila uwanja, na barabara ya kwenda Kyerwa ni vumbi tupu mpaka migomba ya kando ya njia imekuwa ya kahawia. Habari za Mama nitazifikia mwishoni, kwa hiyo usiruke kurasa kuzitafuta.

Nianze na Elick wa Kanoni, yule anayeendesha mashine ya kusaga ya kikundi cha akina mama. Deodatus, huyu msimamizi uliyemweka juu yetu hapa kwenye karakana yako, ameniambia kwamba alikuarifu siku ileile ya ajali. Sijui alikuarifu kwa maneno gani, basi nami ngoja nikuarifu kwa yangu. Shafti tuliyomchongea, ule mhimili wa chuma unaozunguka, ilikatika mashine ikiwa katika mwendo. Puli, lile gurudumu la mkanda, ikang'oka pamoja na mkanda wake, ikampiga mkono wa kulia. Madaktari wameukata chini kidogo ya kiwiko. Ana mke, Celestina, na mtoto ambaye bado ananyonya.

Damu haijakauka sakafuni, tayari Kanoni nzima ilikuwa inasimuliana kwamba Elick alikuwa amelewa rubisi. Eti alikuja kazini pombe ya ndizi ikimnuka, akaijaza mashine kupita kiasi mpaka ikavunjika. Akina mama wa kikundi wakapanga kukutana Jumapili baada ya ibada ili wamwondoe. Unajua kwetu mtu akishaondolewa kwa ulevi mbele ya kanisa hajaondolewa kazini tu. Nani atamwita tena kwa kibarua, mkono mmoja, na jina la mlevi juu yake? Sikufichi, rubisi anakunywa kama wanaume wenzake. Lakini ilikuwa asubuhi, na kitu pekee alichokuwa amekunywa ni uji, aliopikiwa na Celestina.

Deodatus alinichukua twende tukamwone hospitalini kwa niaba ya karakana. Alinunua soda na mkate, akavaa lile koti lake la kanisani. Mbele ya kitanda akafumba macho akaomba, sala ndefu yenye machozi ndani yake, akiwa amekishika kiganja cha kushoto cha Elick, kile kilichobaki. Elick akamshukuru. Tulipofika mlangoni, machozi hayajakauka, nikamsikia akimwambia muuguzi kwa sauti ya kusikika wodi nzima kwamba pombe itawamaliza vijana wa Kanoni. Nilimtazama usoni nikitafuta haya. Uso ulikuwa mkavu. Njiani akafungua soda moja aliyobaki nayo, akanywa, akaniuliza kama nasikia kiu.

Sasa nikukumbushe kazi uliyonipa, maana naona umeisahau. Nilipomaliza chuo uliniambia unataka karakana inayojua kila kipande cha chuma kilikotoka na kilikokwenda. Nikafungua kadi kwa kila unene wa rodi za chuma zilizomo stoo. Rodi ikikatwa, naandika kwenye kadi urefu uliotoka. Kazi ikikamilika, naandika kwenye daftari la kazi jina la mteja, kijiji chake, kilichochongwa, na chuma kilikuwa cha nani, cha stoo au cha mteja mwenyewe. Chuma kikiwa cha mteja, kikivunjika ni juu yake. Kikiwa cha stoo, ni juu yetu. Utaratibu huo uliupanga wewe na mimi niliupenda, nikawa najivunia kwa watu kwamba kaka yangu ni mtu wa mpango.

Halafu kuna sampuli. Mtu wa Ihembe au wa Nkwenda hatuletei mchoro, anatuletea shafti yake iliyolika, imefungwa nyuma ya pikipiki, na sisi tunachukua vipimo humo. Kalamu haikai kwenye grisi. Kwa hiyo kila sampuli niliyopokea niliidondoshea rangi yangu ya kucha, ile nyekundu, ndani ya tundu dogo lililo katikati ya ncha ya shafti, pale ambapo lezi, ile mashine ya kuchongea chuma, huingiza msumari wake kuishikilia inapozunguka. Humo ndani kabisa hakuna kinachogusa, rangi haifutiki. Mafundi walinitania kwamba nazipamba shafti kama maharusi. Lakini hakuna sampuli iliyopotea, na mteja alipokuja kuchukua mpya nilimrudishia na ya zamani, imefungwa kamba ya mgomba, kama Babu alivyokuwa akifanya pale kwenye mivukuto yake Nyabiyonza. Unakumbuka. Mtu alileta jembe lililokwisha, Babu akamfulia jipya, na lile kongwe akalifunga kamba ya mgomba akamkabidhi mwenyewe mkononi. Alikuwa akituambia hataki chuma kilichochoka kije kulishwa mtu mwingine asiyekijua.

Mwaka jana ukaagiza sampuli zisirudishwe tena. Ulisema hii ni karakana ya kisasa, si kwa Babu. Nikatii. Zikawa zinarundikwa nyuma ya choo, na rundo lilipopungua nilidhani wanunuzi wa chuma chakavu ndio wanaolichukua. Wakati huohuo kadi zangu na daftari langu vikaanza kugombana. Daftari linasema shafti mpya zinatoka kila wiki, kadi zinasema rodi hazijaguswa. Nilihesabu, nikarudia, nikajiona labda mimi ndiye mtunza stoo wa kwanza kuibiwa kwa kuongezewa mali. Nilipomuuliza Deodatus, alisema nimshukuru Mungu kwa stoo iliyobarikiwa. Mimi nikacheka, Kaka. Nikaenda kuandika "mpya" kama alivyoniambia.

Kesho yake baada ya hospitali nilipanda pikipiki nikaenda Kanoni peke yangu. Celestina alikuwa amevihifadhi vile vipande viwili vya shafti chini ya gunia, kwa sababu mtu mmoja asiyemfahamu alikuwa amekuja kuviulizia, akamwambia havipo. Alivifunua. Kwa nje shafti ilikuwa inang'aa, imepakwa rangi ya fedha, nzuri kwelikweli. Nikageuza mahali ilipokatikia. Katikati kulikuwa na chuma cheusi cha zamani chenye ufa ulioingia kutu, na kukizunguka kulikuwa na tabaka la kuchomelea lililojaa vitundu, kisha ndiyo rangi. Ilikuwa kama ndizi iliyomenywa ikavalishwa ganda la ndizi nyingine. Nikachomoa pini ya nywele nikachokoa rangi ya fedha kwenye tundu la ncha. Chini yake kulikuwa na wekundu wangu.

Nilikaa chini palepale kwenye pumba. Celestina alidhani nimepatwa na kizunguzungu, akanikimbilia na kikombe cha maji, mtoto mgongoni. Nilikipokea. Sikujua niweke wapi macho yangu, maana yule wa kuhurumiwa hapo hakuwa mimi. Nilimwomba vile vipande asimpe mtu yeyote, hata akija na koti la kanisani.

Niliporudi karakana nilimkuta Deodatus ameketi juu ya boksi la beringi, anakula senene wakavu kwenye gazeti kwa vidole vyenye grisi. Nilimwambia nilichokiona. Hakukana, na hilo ndilo lililonishangaza. Alisema shafti kujaziwa kwa kuchomelea ni ufundi, hata magari ya wakubwa yanajaziwa, nisijifanye nimegundua dawa. Nikamwambia kwamba kujazia kwa kumwambia mteja ni ufundi kweli, lakini kuokota chuma chenye ufa nyuma ya choo, ukakijazia, ukakipaka rangi, ukaniandikisha kwamba ni kipya, huo ni uchafu. Nikamgeukia Hagenimana wa lezi, fundi niliyekuwa namheshimu kuliko wote. Alitazama viatu vyake, akasema yeye huzungusha kinacholetwa mezani.

Ndipo Deodatus akalivuta daftari langu la kazi, akalifungua kwa vidole vilevile, akaweka kidole penye jina la kikundi cha Kanoni. Akaniambia nifute neno "stoo" niandike "mteja", yaani ionekane chuma alikileta Elick mwenyewe. Doa la mafuta ya senene liko kwenye ukurasa huo mpaka leo, ukija nitakuonyesha. Nikakataa. Akasema hana muda wa kubishana na mtoto. Akatoa simu, akampigia mtu, akaweka spika ili nisikie mwenyewe amri inakotoka.

Kaka, nimekuandikia mpaka hapa kama ninayemweleza mtu asiyejua lolote. Nilifanya makusudi. Nilitaka uyapitie yote kwa mpango uleule nilivyoyapitia mimi, ukifika hapa uwe umechafukwa kama mimi. Sauti iliyotoka kwenye ile simu ilikuwa yako.

Ulianza kwa kucheka. Ulimuuliza Deodatus kama kale kadogo, yaani mimi, kameshasahihisha daftari. Akakujibu kwamba kanasitasita. Ukasema kabembelezwe, kanapenda sifa. Ukasema wakulima hawatazami ndani ya chuma, wanatazama rangi, na kwamba zikiendelea kupakwa vizuri kama zilivyopakwa tangu mwaka jana hakuna atakayefahamu. Habari ya rubisi ukasema ni nzuri, iachwe iendelee yenyewe. Hukujua kwamba nimesimama hapo na kalamu mkononi. Miaka yote hii nilidhani mtu aliyenifundisha kuandika ukweli kwenye kadi ni mtu anayeupenda. Nilikwenda nyuma ya choo, penye lile rundo, nikatapika.

Sikufuta neno. Daftari nililiweka mkobani mwangu, nikaanza kumtafuta kila mteja aliyeandikiwa shafti mpya siku ambazo rodi hazikukatwa. Niliwapigia simu, wasio na simu nikawatumia ujumbe kwa watu wa pikipiki: zimeni mashine, chokoeni tundu la ncha, mkiona wekundu msiiwashe tena. Wengine walinishukuru. Mmoja wa Ihembe alinitukana matusi ambayo sitayaandika kwenye barua ya ndugu, na alikuwa na haki yake. Mwingine wa upande wa Kyerwa aliniuliza kwa upole kama tulikuwa tunasubiri afe nani ndipo tuseme. Huo upole ulinishinda kuliko matusi.

Jumapili nilikwenda Kanoni na Hagenimana, ambaye nilimwambia kama hataki kuja basi asinisalimie tena maisha yake yote. Ibada ilipokwisha nilivibeba vile vipande mbele ya akina mama wa kikundi. Niliwaeleza habari ya sampuli, nikawaonyesha wekundu ndani ya tundu, nikanyoosha vidole vyangu waone kwamba rangi ni ileile. Hagenimana akaeleza ilivyojaziwa. Alieleza vizuri. Mama mmoja mtu mzima aliniuliza kama chakula ninachokula kinatoka kwenye shafti hizo. Nikamjibu kwamba ndiyo. Akaniuliza zimechongwa kwa amri ya nani. Nilikutaja kwa jina lako na la Baba. Deodatus alikuwa ameketi benchi la nyuma na koti lake. Alitoka kabla ya sala ya kufunga, na tangu siku hiyo hajakanyaga karakana.

Akina mama walisimama mmoja mmoja wakamwomba Celestina radhi. Kazi ya Elick wamesema inabaki yake; akitoka hospitalini atakuwa anapima na kuandika, na atatafutwa mtu wa kumimina mahindi. Jina la ulevi limefutwa mbele ya watu walewale waliolibeba. Mkono haurudi. Jumatatu tulikata rodi nzima, safi, Hagenimana akaichongea mashine ya kikundi shafti ambayo haijawahi kuwa ya mtu, na kwenye daftari nimeandika chuma cha stoo. Sikuipaka rangi.

Sasa habari za Mama nilizokuahidi. Haya yalitokea kabla ya ile Jumapili, ila nimeyaweka mwisho kwa sababu nilitaka uyasome ukiwa umeshayajua mengine. Nilipokuwa napitia majina kwenye daftari, nikalikuta la Mama. Nyabiyonza, shafti mpya, kwa agizo la Rwegoshora. Ni zawadi yako ya Pasaka. Ulimpigia Deodatus simu ukamwambia amfungie Mama shafti mpya kwenye ile mashine yake ndogo ya kusagia, na Mama akawatangazia majirani kwamba mwanawe anamkumbuka. Deodatus ni mtu mtiifu, Kaka. Ulimwambia wakulima wanatazama rangi, na hukumwambia kwamba Mama asihesabiwe kati ya wakulima.

Nilimlipa mtu wa pikipiki nikamwambia akimbie. Nilipofika, mashine nilianza kuisikia kutoka barabarani. Mama alikuwa anamimina mahindi. Upande wa puli, mahali palepale ambapo Elick alikuwa amesimama, alisimama binti yako Vero mliyemleta likizo, anakinga unga kwa beseni na kuimba akishindana na kelele za injini. Nilipiga yowe mpaka majirani wakatoka mashambani. Mashine ilipozimwa nilichukua pini yangu nikachokoa. Rangi niliyoiona unaijua.

Mama aliniuliza ni kitu gani. Nilimweleza yote, Elick, rundo la nyuma ya choo, daftari, na simu, pamoja na kicheko chako. Hakulia, wala hakukutetea kama anavyofanya siku zote. Alimwita Vero akampangusa unga usoni kwa kanga yake, taratibu, mpaka kwenye nyusi. Kisha akaingia shambani, akarudi na kamba ya mgomba.

Nimeifunga karakana na funguo ninazo mimi. Sitazikabidhi kwa Deodatus wala kwa mtu mwingine utakayemtuma. Nitakukabidhi wewe siku utakayopita Kanoni, Ihembe na kwingine kote, useme kwa mdomo wako ulichokuwa unasema kwa simu. Kwa Elick uanzie.

Nisalimie wifi sana. Majirani wa Nyabiyonza wanakusalimu wote, na Ainebyona wa jirani anauliza lini utakuja. Vero hajambo, anacheza. Anasema ukija umletee viatu vyeupe, naye hajui chochote.

Dereva wa basi atakukabidhi barua hii pamoja na mzigo. Usishangae uzito wake. Ni shafti tuliyoitoa kwenye mashine ya Mama, inarudi kwa mwenyewe. Nilimuuliza Mama kama ana salamu za kukutumia, akasema hana. Kamba ameifunga yeye.

Mdogo wako,
Kemirembe